Tone la Damu la Yaya Feza

Mpendwa Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Mikroskopi ile bado ipo. Kioo chake cha kunasia jua kimepasuka pembeni, na ile skurubu ya kushushia lenzi siku hizi tunaizungusha kwa koleo, lakini ukiiweka kwenye dirisha la mashariki asubuhi yenye jua, inaona. Anayeitunza ni mimi. Ninafundisha biolojia katika chumba kilekile tulichokaa benchi moja, wewe upande wa ukuta ili uegemee mgongo ukianza kuuma, mimi upande wa njia ili nikimbilie maji ukihitaji.

Najua hakuna njia ya kukufikishia barua hii. Ninaiandika kwa sababu majuma haya nimebeba jambo zito, na kila ninapotaka kumwambia mtu naona lazima nianze mbali, nieleze hiki na kile, mpaka nachoka kabla sijafika. Kwako sihitaji kueleza sana. Ulikuwepo.

Magoti yako unayakumbuka? Mvua zilipoanza tu, sisi wengine hapa Kasongo tulifurahia baridi kidogo, wewe ulikuwa umejikunja kwenye mkeka unauma pindo la kikwembe, kile kitenge chako, ili usipige kelele. Mikono ilikuvimba, macho yakawa ya manjano. Mama alihangaika, Baba alitoka nje asisikie. Koko, mama yake Baba, ndiye aliyejua kukushika. Alipasha mawese motoni, akayapaka kwenye viganja vyake, akakukanda kifundo kimoja baada ya kingine, taratibu, akisema, "Iko inapita, mama. Iko inapita." Hata ilipokuwa haipiti aliendelea kusema hivyo, na wewe ulimwamini kwa saa nzima nyingine.

Baada yetu alizaliwa Amani, kisha Riziki. Wote wawili walikuwa na macho yako na mikono yako. Amani alikufa kabla miguu yake haijawa imara. Riziki alikuwa ameanza kuyataja majina yetu. Lako alilitamka "Peza," unakumbuka, nawe ulikataa mtu yeyote asimsahihishe. Wote wawili walifia mikononi mwa Koko, kwa sababu wakati huo watu wengine wa nyumba walikuwa wamechoka na kulala, na yeye alikuwa hajalala.

Hilo ndilo lililomponza. Tulipotoka kumzika Riziki, baba zetu wadogo walimleta yule mtumishi wa chumba cha maombi. Alizunguka nyumba akafumba macho, akasimama katikati ya uwanja, akasema, "Anayekula hawa watoto hakutoka mbali. Anakula nao sahani moja." Hakutaja jina. Hakuhitaji. Watu waliuliza tu, watoto walikuwa mikononi mwa nani walipokata roho, na jibu walikuwa nalo.

Baba alisema maneno matatu, "Mama, rudi kwenu." Kwao ni Kabambare, na kutoka kwetu kwa baiskeli ni safari ya kuvunja kiuno. Koko hakubisha. Alifunga vitu vyake. Wewe ulikuwa mgonjwa siku hiyo, ukatambaa kutoka kwenye mkeka, ukashika pindo la kikwembe chake na hukutaka kuachia. Nilidhani atakunyofoa kwa nguvu. Aliinama, akakufungua vidole kimoja kimoja, polepole, kwa sababu vilikuwa vimevimba na hakutaka kukuumiza. Kisha akapanda kwenye kibebeo cha baiskeli na kupelekwa. Mimi nilikuwa mdogo, lakini namna ile ya kufungua vidole imenikaa mpaka leo. Mtu anayekula watoto hafungui vidole vile.

Ugonjwa ulikurudisha nyuma darasa baada ya darasa mpaka nikakufikia. Siku ya kwanza tulipokaa benchi moja ulininong'oneza, "Nyumbani weye mudogo wangu, hapa tuko sawa. Sasa nani ataosha masahani?" Nilicheka, nikaadhibiwa peke yangu.

Ndipo akaja Prof Ramazani, mwalimu wetu mpya wa sayansi. Kabla yake sayansi tuliisoma kwa mdomo: andika maana, funga daftari, sema kwa moyo. Yeye alitoka kusoma Kindu, kijana mwembamba mwenye shati moja jeupe, na somo lake la kwanza aliingia na kipande cha muhogo na kichupa cha iodini ya duka la dawa. Akadondosha. Muhogo ukageuka mweusi wa buluu mbele ya macho yetu. Nyuma ya darasa mmoja akapiga kelele, "Uchawi!" Wote wakacheka, isipokuwa wewe na mimi.

Prof hakukasirika. Akasema, "Uchawi hakuna anayekupa urudie. Hii, chukua, rudia weye mwenyewe."

Ulikuwa wa kwanza kunyanyuka. Ulidondosha kwenye muhogo, kwenye mchele, kwenye ndizi mbichi, kisha kwenye kipande cha papai, nacho hakikugeuka rangi, ukauliza kwa nini, na Prof akakaa chini kwenye benchi letu kukueleza. Kuanzia hapo hukukosa somo lake hata ulipokuwa unatembea kwa kushikilia ukuta. Tulichemsha ngai-ngai nyekundu, ile mboga chachu, tukatia ndimu, rangi ikakolea. Tukatia maji ya majivu, ikawa kijani. Tulipasua moyo wa mbuzi kutoka sokoni, nawe ukapitisha kidole kwenye vile vilango vyake ukasema, "Kumbe mulango unafunguka upande mumoja tu." Vidole vyako vilikuwa vinene na vizito kwa ule ugonjwa, lakini havikutetemeka. Wavulana wenye mikono mizima waliharibu, wewe ulitengeneza.

Somo la damu lilikuja kipindi cha kiangazi, wakati jua linaingia dirishani bila kizuizi. Prof aliomba vichomeo vya kutobolea kidole kituo cha afya, kila mtu na chake, na kopo la kutupia. Akauliza nani ataanza. Wavulana wakatazama dari.

"Miye, Prof," ulisema. "Sindano iko rafiki yangu wa zamani."

Alikuchoma kidole, akaweka tone kwenye kioo, akalifunika, akageuza kile kioo cha chini mpaka kikanasa jua. Akainama. Nilimtazama usoni. Alizungusha skurubu, akainuka, akafuta lenzi na pindo la shati lake, akainama tena. Aliniita mimi, akachukua langu. Kisha ukamwomba nafasi, na ukaangalia yote mawili, lako na langu, ukarudi kwenye lako.

Ulinipa zamu. Chembe za damu yangu zilikuwa za mviringo, zimebonyea katikati kana kwamba kila moja ilikandamizwa kwa kidole. Zako nyingi zilikuwa hivyo hivyo, lakini kati yake kulikuwa na nyingine nyembamba, zimepinda, zina ncha mbili kali, mfano wa mundu.

"Prof," ulisema, darasa zima likisikia, "mbona yangu haifanane na ya Mwamini? Tuko wa mama mumoja na baba mumoja."

Prof alisita. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba somo limempita. Alisema, "Tufunge hizi mbili, hewa isiingie. Tutaangalia kesho." Hakukuwa na kitu cha kufungia, mpaka Kibibi alipotoa kwenye mkoba rangi nyekundu ya kucha aliyokuwa akiificha isionwe na prefe, mkuu wetu wa shule. Prof alipaka kingo za vioo kwa kale kabrashi kadogo, na darasa likacheka kuona mwanamume anapaka rangi ya kucha. Wewe hukucheka.

Kesho yake damu yako ilikuwa imejaa mundu. Karibu zote. Na katika yangu pia, baadhi zilikuwa zimeanza kupinda.

Prof aliwatoa wengine nje. Akasimama mbele yetu mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni kijana tu, hakutuzidi kwa miaka mingi. Akasema, "Feza, miye si muganga wa hospitali. Miye naona tu. Twende kwa waganga." Akafunga darasa, akatusindikiza mwenyewe mpaka kituo cha afya.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alikupima, akakuuliza habari za magoti, mikono, macho, na kila alipouliza wewe ulijibu ndiyo kabla hajamaliza. Akatueleza kwamba ugonjwa huu unaitwa seli mundu, wao pale wanauita SS. Chembe zikipinda zinanasa kwenye mishipa, na pale zinaponasa ndipo panapouma. Hauingii kutoka nje. Baba anatoa nusu, mama anatoa nusu, nao wenyewe hawaumwi, hata hawajui. Mtoto akipata nusu mbili anakuwa kama wewe. Akipata moja anakuwa kama mimi.

Ulimsikiliza mpaka mwisho. Kisha ukauliza, "Na wadogo wetu wawili waliokufa?"

"Sikuwaona, mama, siwezi kuapa. Lakini ile mikono na yale macho unayonieleza, ni hii hii."

"Basi hakuna mutu aliwakula."

"Hapana," muuguzi akasema. "Hakuna mutu."

Njia nzima ya kurudi ulilia na kucheka pamoja, mpaka wapita njia wakageuka. Nilidhani unajililia, maana alikuwa amekuambia pia kwamba haina dawa ya kuiondoa. Ulikuwa unamlilia Koko.

Baba alikuwa uwanjani, ametoa gurudumu la baiskeli ya mteja, ana koleo la kunyooshea spoku mkononi. Hukukaa. Ulisimama mbele yake ukasema, "Baba, Koko hakukula mutu."

"Nani alikuambia?"

"Damu yangu. Niliiona kwa macho."

Ukamweleza vizuri, kama alivyoeleza muuguzi. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Ulipofika kwenye ile nusu ya baba na nusu ya mama, akaweka gurudumu chini.

"Kwa hiyo ni miye."

"Hapana, Baba, nasema..."

"Unasema damu yangu inaua watoto yangu. Unamutoa mama yangu kwenye kesi, unaniweka miye."

Mama aliuacha mchi ndani ya kinu. "Na miye pia, baba Feza," akasema. "Nusu iko yangu." Kisha akaendelea kutwanga, machozi yakidondoka, na hakuyafuta.

Baba hakukupiga wala hakukutukana. Alienda shuleni pamoja na ndugu zake kumshtaki Prof. Wazazi wengine waliposikia, wakaja nao, na kufikia hapo maneno yalikuwa yameota miguu: walimu wanakamua watoto damu, damu inauzwa. Prefe alikuwa na hofu ya watu. Alikataza kumchoma mwanafunzi yeyote. Prof alimaliza mwaka akifundisha kwa chaki, maana mpaka maana, na alipoondoka kurudi Kindu hakuna aliyemfanyia sherehe. Ulimpelekea mkungu wa ndizi kichwani, siku ambayo miguu yako ilikuwa inauma. Nilitaka kuubeba ukakataa.

Halafu ukaanza kudai kwenda Kabambare. Mama alimwambia Baba wazi, mbele yetu, "Watoto wanaenda kuona koko yao. Kaka yangu atawapeleka na moto." Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Lakini moto hiyo, pikipiki ya mjomba, ilipofika, tulimkuta amechuchumaa kando yake anakaza mnyororo, na alipomaliza akaingia ndani bila kutuaga.

Barabara ile unaijua. Madaraja ya magogo, mashimo yenye tope hata wakati wa kiangazi. Tulikufunga kwa kikwembe kati yangu na mjomba ili usianguke ukisinzia. Lusangi tulipumzika kwa mama mmoja aliyekuwa anawapikia wachimba dhahabu. Aliona macho yako, akaondoa sahani zake karibu nawe. Ulimwomba maji kwa adabu, ukanywa, ukamshukuru.

Koko tulimkuta nyuma ya jiko la kaka yake, anabangua karanga. Alikuwa amepungua. Hakupiga kelele za furaha. Alichukua mikono yako akaibonyeza kifundo kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu kama vyote vipo.

Ukasema, "Koko, nataka kukuonyesha." Ukakata bua la jani la papai, lile lenye tundu. Ukamimina ndani maharagwe madogo, yakapita yote yakaangukia ungo. Kisha ukavunja vijiti ukavipinda, ukavichanganya na maharagwe, ukamimina tena. Vikanasa. Bua likaziba. Ukalitikisa, halikufunguka. "Hii ndiyo iko ndani yangu," ukasema. "Na ndiyo ilikuwa ndani ya Amani na Riziki. Hakuna mutu aliitia. Tulizaliwa nayo. Koko, haukuwa weye."

Nilisubiri alie. Koko aliliangalia bua, akaliweka pembeni.

"Mama," akasema, "haikuwa miye, hiyo najua tangu zamani. Hakuna hata siku moja sikujua. Umekuja mbali kuniambia kitu niko nacho." Akakuvuta karibu. "Waambie wale wasiojua."

"Rudi na sisi, basi."

"Aliyenitoa nyumbani ni mutoto wangu. Ile mashine yenu haina miguu ya kuja kunichukua."

Kisha akauliza, polepole, "Na weye, hiyo mashine inasema utapona?"

"Hapana, Koko."

Akainuka kwenda kupasha mawese.

Mvua zilizofuata ndizo zilizokuchukua. Maumivu yalianza miguuni, yakapanda kifuani. Kituo cha afya walisema damu imekwisha mwilini, unahitaji ya mtu mwingine haraka. Ya Mama haikulingana na yako. Muuguzi yule yule alisema afadhali apatikane mtu asiye na ile nusu, tukatafuta, hatukumpata. Baba alikuwa ameshakunja mkono wa shati kabla hajaulizwa. Walimlaza kwenye kitanda cha pili, na baadaye nikaona damu yake inashuka tone kwa tone kwenye mpira kuingia kwako. Hakuondoa macho kwenye ule mpira.

Ulifungua macho ukamwona. Ukasema, "Baba, hukuichagua." Basi. Akageukia ukutani.

Kwa muda ulipata nguvu, ukaomba hata chai. Wiki haikwisha, ukatuacha.

Hujui kilichotokea baadaye, ndiyo maana nakueleza. Tulikuwa tumekaa matangani, na baba zetu wadogo wakaanza tena, "Yule muzee wa Kabambare amemufuata mutoto mpaka huku." Baba aliinuka kwenye mkeka wa wanaume, akaenda zake. Tulidhani amekwenda kulia peke yake. Alirudi siku nyingine, ametapakaa tope, Koko ameketi nyuma yake kwenye pikipiki ya kukodi. Alimshika mkono akamkalisha kati ya wanawake. Baadhi waliinuka wakasogeza watoto wao. Mama akamsogelea mpaka mabega yao yakagusana. Baba hakueleza chochote kwa yeyote.

Alimjengea Koko chumba. Anamchotea maji yeye mwenyewe, mzee mzima mwenye mvi, na watu wanamwona. Lakini neno lile, Yaya, lile moja linalotakiwa kati ya mtoto na mama yake aliyemfukuza, halijatoka kinywani mwake. Wanakaa uwanjani jioni, wanazungumza mvua na mpunga.

Sasa nifike kwenye kinachonisumbua.

Nina mwanafunzi anaitwa Zaina. Ni binti wa mfanyabiashara wa chumvi na sabuni, karibu na msikiti. Macho yake yakanishtua siku ya kwanza. Mikono yake sikuhitaji kuiangalia mara mbili. Darasani naruhusiwa damu ya kuku tu, na wanafunzi wanaifurahia, maana chembe zake ni za duara refu zenye doa katikati. Zaina alizichora vizuri kuliko wote. Kisha akabaki wenzake walipotoka, akaniuliza, "Madame, na yangu nitaiona lini?"

Nilimwambia achukue karatasi nyingine, nikajifanya nafuta ubao.

Niliogopa, Yaya. Nilishajua kwamba mdogo wake Zaina amezikwa mwaka huu, na kwamba katika nyumba ile yumo shangazi mzee, mjane asiye na mtoto, na kwamba majirani wameanza kumtazama vile walivyomtazama Koko. Kwa hiyo nilijua haraka inahitajika. Lakini nilijua pia kwamba ukweli wetu ulipotoka kwenye mikroskopi haukuanguka hewani. Ulimtoa Koko ukamwangukia Baba. Ulimvunja Prof. Na wewe haukukuongezea hata mwaka mmoja. Nani amenipa ruhusa ya kwenda kumwambia mzazi mwenye msiba kwamba nusu ni yake?

Nilimweleza Mama haya tukiwa tunachambua mchele, nikidhani tuko wawili. Baba alikuwa mlangoni. Akanawa mikono ile yenye grisi, akavaa viatu, akasema, "Nionyeshe nyumba."

Baba yake Zaina alitupokea vizuri, akatandika mkeka barazani, akaagiza chai. Nikaanza, kwa maneno ya shule, nikiona uso wake unafungwa kidogo kidogo. Baba akaniwekea mkono begani ninyamaze.

"Bwana," akasema, "habari ya damu na mashine mutoto wangu atakueleza, iko anajua. Miye nimekuja na yangu. Nilizika watoto watatu. Na nilimufukuza mama yangu aliyenizaa, kwa sababu watu walisema yeye ndiye anawakula. Hakuwa na kosa. Nilimupandisha kwenye baiskeli mbele ya watoto yangu, akaenda. Nilikuwa sijue, hiyo kweli. Lakini weye leo umejua, kwa sababu miye nakuambia."

Sijawahi kumsikia Baba akisema maneno mengi kiasi hicho. Ndani ya nyumba mwanamke mzee alikuwa anakohoa. Mwenye nyumba alishika kikombe, hakunywa.

"Na mama yako," akauliza, "alikusamehe?"

"Sijamuuliza," Baba akasema.

Mwishowe yule bwana akasema tu, "Nimesikia, muzee," na tukaaga. Sikujua kama ameelewa au ametufukuza kwa heshima. Lakini asubuhi moja baadaye nilimwona anasukuma baiskeli njia ya kituo cha afya, Zaina amekaa nyuma. Ni SS. Baba yake alikuja kuniambia yeye mwenyewe, mlangoni mwa darasa, na alikuwa na macho ya mtu aliyetembelewa na msiba mara ya pili. Siku hizi Zaina anakaa upande wa ukuta na chupa ya maji mezani, anameza vidonge vyake, na nimewaambia wenzake asicheke mtu akiomba kutoka. Shangazi yule bado yuko nyumbani kwao. Nimemwona barazani anamsuka Zaina nywele.

Hilo nililitaka, na nimelipata, na bado sina amani. Kwa sababu siku ile tulipotoka kwa yule bwana, tukiwa bado njiani, Baba alisimama akasema bila kunitazama, "Koko asisikie haya. Nitamwambia miye mwenyewe."

Hajamwambia. Mvua zimekuja, zimekwenda. Kila jioni namwona anasogeza kiti chake karibu na cha Koko, anakohoa, anashika magoti kama mtu anayetaka kuinuka au kuanza, na Koko anageuza sikio lake lile moja linalosikia vizuri na kungoja. Kisha anasema habari za mpunga. Koko anaitikia. Na Koko sasa, Yaya, akishika kikombe kinacheza mkononi, na jana aliniita kwa jina lako mara mbili.

Mimi nimeahidi kunyamaza, nitanyamaza. Lakini wewe hukuahidi kitu. Watu wa kwetu wanasema waliotangulia huwatembelea wanaowapenda usingizini. Nimekusubiri miaka, sikufichi, na kila nikiamka bila kukuota naumia. Basi nakuachilia. Kama una safari moja tu ya kuja, usije kwangu. Pita moja kwa moja chumbani kwa Baba, umwamshe, umwambie kwamba mama yake anangoja, na kwamba hatangoja sana.

Pumzika pasipo maumivu, yaya wangu.

Mdogo wako wa benchi moja,
Mwamini